Sikio Nimelipata, Uso Bado

Kemi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio: sijakulilia. Siku ya kukuzika nilijifunika kanga mpaka puani, na akina mama waliokuwa wameketi karibu yangu wakanishika mabega wakisema, "Mwacheni alie, mwacheni mtoto alie." Chini ya kanga macho yangu yalikuwa makavu. Nilikuwa natazama miguu ya watu na kufikiria jinsi kidole gumba kinavyochorwa, kwamba kucha haikai katikati kama tunavyodhani. Nilijua si kawaida kufikiria hivyo msibani. Nikaendelea tu.

Tangu siku ile niko hivyo hivyo. Si kwamba ninaumia halafu naficha. Siumii. Ni kama ukikalia mguu mpaka ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini haukuambii kitu. Nakula. Naosha vyombo. Naanika kahawa, naigeuza, naianua mvua ikitishia. Usiku nalala vizuri, na hiyo ndiyo inanitia aibu kuliko yote.

Habari za huku. Mbuzi wenu mweusi amezaa mapacha. Maharage tumeshavuna, mwaka huu ni membamba. Shule zimefungwa, kwa hiyo nipo nyumbani mchana kutwa, na sasa hivi niko mezani nachambua maharage, au ndivyo anavyojua mama aliyeko kisimani. Karatasi hii naiandika pembeni ya sinia. Nikisikia mtu naiingiza chini.

Na lile hogo la mguu wako, kuku wenu ametagia ndani yake. Nililiona nyuma ya jiko lenu, limelala ubavu, na yeye amejaa humo ananitazama kama mwenye nyumba. Nilijua ungecheka. Mimi nilisimama nikatazama mayai.

Lakini naruka. Wewe ulikuwa unasema, "Eleza tangu mwanzo, Editha, usinirukie." Basi naeleza tangu mwanzo, kama vile hukuwepo.

Ulianguka ukitoka kuchota maji, mguu ukavunjika chini ya goti, wakakufunga hogo, lile gamba gumu la plasta. Ukawa umelala pale barazani kwenu, upande wa pili wa milamula, ile miti ya mpaka inayotenganisha kibanja chenu na chetu, na kila nilipopita kwenda shule ulinipigia kelele: "We mwanafunzi! Niletee kitu cha kusoma! Chenye picha! Kisiwe cha sala!" Nami nikaenda kwenye lile kabati la vitabu la parokia, nikatoa kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kizito kama tofali, ambacho yule sista mzee aliyerudi kwao Ulaya alikiacha. Nilikichagua kwa picha tu. Sikujua ni historia ya akademia, chuo cha wachoraji na wachongaji kilichoanza huko kwao zamani, wafalme wakapita, na chenyewe kikabaki.

Kilikuwa cha Kiingereza. Wewe uliishia kidato cha kwanza, na Kiingereza chako ulisema mwenyewe ni cha kuombea maji. Mimi nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo nikawa nasoma huku natoa huku, na pale Kiswahili kiliponiishia nilidumbukiza Kinyambo. Nikianza kutafsiri neno kwa neno ulinipiga kwa upawa uliokuwa umeuweka karibu. "Usinifundishe. Niambie."

Basi nikakuambia. Kwamba kulikuwa na mfalme aliyechoka kuazima wachoraji wa nchi za watu kila alipotaka kuchorwa, akaamua awe na shule yake. Wachoraji wa mjini kwake walikuwa kwenye chama kimoja na mafundi wa matandiko ya farasi na wapaka rangi milango, wakaona hii ndiyo nafasi yao ya kuitwa wasomi. Mfalme akawapa jina kubwa, ila jengo hakuwapa. Aliwapa vyumba juu ya ghala la nafaka. Wakafungua akademia yao juu ya magunia, panya wakipita.

Hapo ulinikatiza. "Juu ya magunia?"

"Ndiyo."

"Basi hata sisi tunayo stoo ya kahawa."

Ndivyo ilivyoanza. Ukajitangaza Mkuu wa Akademia kwa sababu, ulisema, mkuu hasimami, anasimamiwa, na wewe kusimama huwezi. Mimi nikawa mwanafunzi. Mwanafunzi pekee. Ukanipa na sheria: mtu yeyote asijue, maana Igurwa nzima ingekuja kuchungulia, na wewe ulijua mimi mtu akinitazama mkono unaganda. Hukunicheka kwa hilo. Ulinicheka kwa mengine yote, hilo hukuligusa.

Kule kwao mwanafunzi alipita madarasa. La kwanza anachora vipande: ukurasa mzima masikio, ukurasa mzima pua, macho, midomo, mpaka mwalimu aridhike. La pili anachora sanamu za plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukawa mgumu. Zilikuwa sura za miungu ya Wayunani, zililetwa kwa meli zikiwa zimefungiwa kwenye majani makavu kama mayai. La tatu, ndipo anaruhusiwa kumchora mtu hai. Aliyekuwa na haraka alirudishwa kwenye masikio.

Karatasi tulichana mifuko ya saruji. Mkaa tulijitengenezea: vijiti vya mbuni tulivifungia kwenye kopo la maziwa, tukalizika kwenye makaa mpaka moshi ukakoma, vikatoka vyeusi na laini. Hiyo tuliipatia. Ya kufutia ndiyo ilitushinda. Kitabu kilisema wao walifutia nyama ya mkate, ule ulaini wa ndani. Mkate sisi tunauona Krismasi, ukaamuru tutumie ndizi iliyopikwa, kwa vile na yenyewe ni chakula na ni laini. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamekula masikio yote, wameacha matundu. Uliyanyanyua juani yale matundu ukasema, "Mwanafunzi amefeli, lakini chakula kilikuwa kizuri."

Wakati wa plasta ulipofika tukakwama. Tungeitoa wapi miungu ya Wayunani? Ukatazama picha kwenye kitabu, ukautazama mguu wako. Siku walipolikata hogo kwa ile misumeno yao midogo ulimwomba nesi akupe maganda. Akauliza, "Ya nini tena, mwanangu?" Ukajibu, "Ya shule." Akadhani unamtania. Ukarudi nalo kwenye bodaboda umelipakata kama kichanga, tukalifunga pamoja kwa kamba ya mgomba, tukalisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Mungu wetu alikuwa mguu wako mmoja, kuanzia pajani mpaka kwenye kisigino, na doa la uji pale ulipojimwagia.

Nililichora, nikalichora. Wewe ulikaa kwenye gunia na kijiti. "Mwanga unatoka wapi? Basi kivuli kinalala wapi? Hiyo ni soksi, Editha. Nilikuambia mguu." Mtu aliyeishia kidato cha kwanza. Hukuwahi kushika mkaa hata siku moja, ulisema utachafua cheo.

Halafu mguu ukavimba tena. Wakakupeleka hospitali ya Mwanza, mkakaa huko na mama yako. Ukarudi na magongo, umepungua, na hukuniambia walisema nini. Mimi sikuuliza. Nadhani tulikuwa tunaogopana. Ulisema tu, "Tuliishia wapi?" nikafungua kitabu.

Tuliishia kwa wanawake. Miaka na miaka akademia ile haikuwataka. Walipokubaliwa, wakaambiwa darasa la tatu haliwahusu, haifai msichana kumtazama mtu aliyevua nguo, hata kwa kalamu. Wakalalamika, wakaandika barua. Basi wakuu wakatafuta kitu hai cha kuwapa wachore, wakawaletea ng'ombe. Darasani. Nilikusomea nikidhani utakasirika.

Ulijiinua kwa kiwiko. Kisha ukasema, "Ng'ombe mwenyewe ana pembe?"

"Picha haionyeshi vizuri."

"Mawe, mama wee! Wanaume wamepewa mzee mmoja uchi anayetetemeka baridi, wasichana wamepewa ng'ombe mzima, halafu wanaita hiyo ni adhabu?" Ukacheka mpaka ukakohoa, na mama yako akaja na maji akauliza kitabu gani hicho kinachekesha hivyo, ukamwambia, "Historia, mama."

Hiyo naikumbuka yote. Ninaweza kuikumbuka na nisihisi kitu, kama naisoma kwenye ukuta wa duka.

Baada ya pale nilianza kukuomba. Nilikuwa nimelimaliza hogo, pande zote, nilikuwa hata na uwezo wa kulichora bila kulitazama. Nikakuambia niko tayari kwa darasa la tatu, nataka kukuchora wewe. Ukasema, "Bado." Wiki nyingine nikaomba tena. "Bado. Kisigino hakijakaa." Kisigino kilikuwa kimekaa, Kemi. Wote wawili tulikuwa tunakiona. Nilikasirika kidogo nikaenda nyumbani. Sasa ndiyo naelewa: mashavu yalikuwa yanaondoka, hukutaka nikuchore wakati unaondoka kidogo kidogo. Ukajificha nyuma ya sheria ya Wazungu waliokufa. Sikulaumu. Nilifikiri tu kwamba muda upo.

Na siku ile nilipofika pale panaposema kwamba mwalimu mkuu akifariki, wanafunzi wake walikoroga plasta wakachukua sura yake kabla hajapoa, ikatundikwa ukutani, ulisema, "Hiyo ruka." Nikaruka. Ilikuwa mara ya kwanza wewe kuniambia niruke.

Ulifariki nikiwa shuleni. Nilirudi nikakuta watu wamejaa kibanjani na moto umewashwa nje, nikajua. Nikaingia ndani kwetu kubadilisha sare ili isichafuke. Hivyo ndivyo nilivyofanya.

Kitabu nimekimaliza peke yangu. Ulitaka kujua iliishaje, basi ni hivi. Vita vilikuja, bomu likaangukia paa, walimu na wanafunzi wakabeba miungu ya plasta mmoja mmoja wakaishusha chini ya ardhi, na wengine waliganda huko kwa baridi wakiilinda. Ikaokoka. Halafu amani ilipokuja, watoto wa wale waliookoa ndio walioivunja. Walisema wamechoka kuchora wafu, wakaisukuma kutoka madirishani huku wanaimba. Kizazi kingine kikaja, kikaona aibu, kikaanza kuokota vipande. Vingine vilikuwa vimefukiwa bustanini. Wakaviunganisha, na nyufa hawakuzipaka, zipo mpaka leo, na wanafunzi wapya wanachora miungu pamoja na nyufa zake. Akademia bado ipo. Ina tovuti. Nafikiri kwa hao waliovunja ungesema, "Viboko vimewakosa." Sina hakika. Nikijaribu kuweka maneno mapya mdomoni mwako hayatoki vizuri kama ya zamani.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Mama yako hana picha yako. Simu yake ni kitochi, na ile simu ya mjomba wako iliyokuwa na picha za kipaimara iliangukia chooni, unajua. Kuna ile moja tu ndogo ya darasa la saba, ya mtihani, umekaza macho kama unatafutwa na polisi. Baada ya matanga akaichukua, akaniomba nimsindikize Nyaishozi kwa kijana wa studio aikuze. Nikaenda. Kijana akaiweka kwenye kompyuta, akasema, "Mama, njoo jioni, nitakutolea kitu ambacho hutaamini."

Kweli hatukuamini. Alikuwa amekukata kichwa akakipachika kwenye mwili wa mtu mwingine aliyevaa koti jeusi na shati jeupe, kama meneja wa benki, nyuma yako mapazia mekundu na maua ambayo hayaoti popote. Amekung'arisha ukawa na rangi ya maandazi mabichi. Na lile kovu kwenye nyusi ya kushoto, ulilopata kwa kupigana na mbuzi wenu, halikuwepo.

Mama yako aliisogeza karibu na macho. "Kovu liko wapi?"

"Nimemsafisha, mama," kijana akasema, anatabasamu. Alikuwa anajivunia, hakuwa na ubaya.

"Umemsafisha nini?"

Kijana akanitazama mimi nimsaidie. Ungekuwa wewe ungesema. Mimi nilitazama chini.

Aliibeba hivyo hivyo, akaitundika ukutani sebuleni. Majirani wakaja, "Jamani, mbona amependeza!" Akawauliza, "Amependeza nani?" Kesho yake nilipopeleka maziwa niliikuta imegeuzwa, inatazama ukuta. Bado imegeuzwa.

Tangu hapo anakuja kwetu kila mchana. Mama anamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, naye anaketi, anatafuna, wanazungumza mvua na bei ya ndizi, au hawazungumzi. Juzi mama alikuwa jikoni, tumebaki sisi wawili, akaniambia polepole bila kunitazama, "Editha, Kemi pua yake ilikuwaje? Namwona anatembea. Sauti naisikia. Pua naitafuta siioni."

Kemi, pua yako ilikuwa chini ya godoro langu. Nilikuwa nimeichora asubuhi ile. Ninazo nyingi, kwenye mifuko ile ile ya saruji, kwa mkaa ule ule. Nikasema, "Ilikuwa ya kawaida tu, mama." Akaitika, "Ee, ya kawaida," akachukua punje nyingine ya kahawa.

Ya kawaida. Ile pua.

Anakupoteza, unaelewa? Anakupoteza akiwa amekaa palepale kwenye kiti, sura inatoka kipande baada ya kipande, na mtu wa kuvirudisha ni mimi, maana hakuna mwingine aliyekutazama kwa namna ile, kwa kuambiwa kila siku kivuli kinalala wapi. Na mimi nilichonacho ni vipande tu. Sikio nimelipata, la kulia, na ile ncha yake iliyokunjika. Pua nimeipata. Nyusi na kovu lake nimevipata. Nikivileta pamoja kwenye kichwa kimoja anatokea mtu mwingine. Mara nyingine anatokea yule wa studio. Nimejaribu mpaka mifuko imeisha, sasa natumia nyuma ya karatasi za mazoezi ya hesabu, na hata hii ninayokuandikia, ukiigeuza, upande wa pili kuna jicho na kona ya mdomo, na katikati yao hakuna kitu.

Nikarudi kwenye kitabu, darasa la tatu, nikasoma kama mtu anayetafuta dawa. Wanasema mwanafunzi ambaye uso umekataa kuungana asiendelee kukisia. Aweke mkaa chini, arudi akakae mbele ya mtu. Viungo vinajifunza kuungana kwa mtu aliyeketi mbele yako anapumua. Nilifunga kitabu nikacheka, au nilitoa sauti fulani. Mtu gani?

Halafu jana mama yako aliinama kutema maganda ya kahawa, mlango ulikuwa wazi, mwanga ukampiga ubavuni. Pale nyusi inaposhuka kukutana na pua. Lile bonde dogo, Kemi. Lilikuwa lako. Sikuwahi kuliona kwake kwa sababu sikuwahi kumtazama, namwamkia shikamoo natazama miguu yake. Niliendelea kutazama mpaka akauliza, "Kuna nini, mwanangu?" nikasema hakuna kitu, mama, nikatoka nje kugeuza kahawa ambayo nilikuwa nimeshaigeuza.

Kifua kilikuwa kinagonga. Nimekuambia siumii, na ni kweli, lakini kile kilikuwa kitu. Kidogo. Kama mguu unapoanza kuchomachoma.

Basi najua la kufanya, na siwezi. Ingebidi nimwambie aketi, atulie, nimtazame usoni kwa muda mrefu, mimi, na yeye anitazame. Ingebidi nimwonyeshe vipande vyote na akademia yetu, na ajue kwamba alipouliza pua nilikuwa nayo. Na je, akichukia? Akiona ninautumia uso wake kumtafuta mtoto ambaye mimi hata sijamlilia? Au ninaunganisha, halafu anasogeza karibu na macho, anauliza kovu liko wapi, kovu lipo, kila kitu kipo, na bado anaigeuzia ukuta?

Nimekaa na hilo tangu asubuhi. Maharage yaliyochambuliwa hayajai kiganja.

Nasikia ndala. Si mama, mama huja akiimba. Ni mama yako, mguu mmoja anauburuta kidogo tangu mvua zianze. Amefika kwenye milamula. Mkono wangu umeshanyanyua sinia wenyewe.

Nimelirudisha sinia mahali pake, mbali na karatasi.

Sijui niseme nini cha kuagana, sikuagana nawe hata ile asubuhi, nilipita mbio nimechelewa kuhesabiwa namba shuleni, ukanipungia gongo. Basi pumzika, Mkuu wangu. Nakuahidi hili: sitakusafisha. Nitakuchora ulivyokuwa, na kovu la mbuzi, na mashavu yaliyoanza kuondoka kama mama yako atataka na hayo yawepo, maana ni yake pia. Nisipopata leo nitarudi kukaa mbele yake kesho. Na ikiwa siku moja katikati ya kuchora machozi yatakuja, nitayaacha yaje, na kama hayaji nitaendelea kuchora.

Anapangusa miguu mlangoni. Nimeigeuza karatasi, upande wenye jicho uko juu. Nimetoa na zile za chini ya godoro, zimejaa meza, mkaa umenipaka mikono yote na nguo. Kigoda nimekisogeza karibu na dirisha, mahali penye mwanga.

"Hodi," anasema.

Nimemjibu kwa sauti, Kemi. Nimesema, "Karibu, mama. Kaa hapa."

Editha